Hodi ya Tatu

Kitanda cha mshona nguo kilikuwa kimeinuka hadi akawa anakiparamia kama mtoto. Chini ya godoro kulipangwa magunia ya mchele, chini ya mchele sukari, na pembeni madumu ya mafuta ya kupikia yamebanana. Akiba yao yote ilikuwa humo. Mumewe aliitoa benki mapema, kabla watu hawajaanza kupanga foleni, akaigeuza chakula. Ungemwona mume huyo amejinyoosha juu ya utajiri wake ungedhani analala usingizi wa pono. Wapi! Alikuwa anahesabu mabati ya paa.

Alikuwa mtunza ghala katika duka la jumla, na ghala lilimtia hofu kabla redio haijatangaza lolote. Malori yalianza kuja nusu, kisha hayakuja kabisa. Bei ya asubuhi ilikuwa haifiki jioni. Basi akapachika komeo jipya mlangoni, akatoa amri zake. Asijue mtu. Kitunguu kisikaangwe, maana harufu ya kitunguu ni mbea kuliko wambea wote wa mtaa. Na siku mambo yakiharibika, mlango haufunguliwi.

"Na wifi je?" mshona nguo aliuliza.

"Dada ana watoto wanne. Ukimfungulia yeye umefungulia mtaa mzima."

"Mzee wa Tahadhari, huyo ni dada yako wa tumbo moja!"

"Namjua ni nani. Na mimi nina watoto."

Wifi aliishi nyuma ya nyumba yao, na tangu mshona nguo aolewe hakuwahi kumbishia hodi. Aliingia moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akasema chumvi haijakolea. Uchungu wa kila mtoto ulipomshika mshona nguo, mkono alioung'ang'ania ulikuwa wa wifi huyu. Alipokuta komeo kwa mara ya kwanza, alicheka hadi majirani wakasikia. "Siku hizi mnajifungia kama maharusi!" Mshona nguo naye alicheka, lakini moyo ulimuuma.

Jioni mtunza ghala aliwafanyisha mazoezi. Alitoka nje, akagonga, akaita kwa sauti za kubadilisha, na ndani watoto wakajifunza kunyamaza. Mmoja akicheka, walirudia wote.

"Mtu hubisha hodi tatu," aliwaambia. "Asipoitikiwa ya tatu, huenda zake. Kazi yenu ni kuvumilia tatu tu."

Kisha benki zikafunga milango kweli, na maduka yakafuata. Komeo likasukumwa. Siku zikapita za wali wa chumvi na maharage ya kuchemsha, watoto wakawa wanakula wamenuna, hadi mshona nguo uvumilivu ukamwishia. Alikata kitunguu kimoja, akakitumbukiza kwenye mafuta ya moto. Mumewe akafungua mdomo amkaripie.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya wifi. Watoto wakaganda palepale, kama walivyofundishwa. Mtunza ghala akainua kidole.

"Hodi, wifi. Ni mimi. Nimekuja na kibakuli tu. Watoto hawajala tangu jana."

Mshona nguo alimtazama mumewe. Machozi yalikuwa yanamtiririka mtunza ghala, lakini kidole hakikushuka. Mlango ulikuwa karibu kabisa. Angenyoosha mkono angelishika komeo. Hakunyoosha. Aliogopa hata kukoroga, mwiko usije ukagonga sufuria, na kitunguu kikawa chekundu, kikawa cheusi, moshi ukapita chini ya mlango.

Walimsikia akinusa. Kisha wifi akasema, taratibu, kama aliyesimama jikoni kwake:

"Wifi, punguza moto. Kitunguu kinaungua."

Hakubisha tena. Walisikia ndala zake zikienda.

Haikupita wiki benki zikafunguliwa. Malori yakarudi, redio ikarudia kupiga muziki, na mtunza ghala akaanza kutamba kwamba familia yake haikukosa kitu. Mshona nguo alimsikiliza hadi akachoka. Akaburuta gunia kutoka chini ya godoro, akajaza ndoo mchele, juu akaweka sukari, akajitwika.

Mlango wa wifi, ambao siku zote aliusukuma kwa kiwiko, ulikuwa umefungwa. Ndani watoto walikuwa wanacheka, na kitunguu kinakaangwa.

"Hodi!"

Kicheko kikakatika. Hakuna mtoto anayenyamaza hivyo mwenyewe. Alijua kuna mtu mzima ameinua kidole.

"Hodi, wifi. Ni mimi."

Ndoo ilimwelemea shingoni. Hodi ilibaki moja, na alisimama nayo mdomoni akiogopa kuitoa.