Hakuniuliza Nimetoka Wapi

Hamdun alizikwa Jumanne, na kufikia Ijumaa Tabora nzima ilikuwa imeshakula pilau ya hitima yake. Waliosema hawakula walikula mara mbili. Mjane wake, Khole, akaingia eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka. Kila mwanamke aliyekuja kumpa pole alisimuliwa jambo lile lile.

"Miaka kumi na miwili, hakuniuliza hata mara moja nimetoka wapi. Aliniamini."

Wenye waume wa kupiga simu kila robo saa walilia kuliko mfiwa.

Siku ya sabini na mbili, simu ya Khole ikazidisha vituko. Ilipata moto hata ikiwa imewekwa tu. Mdogo wake, Yasmini, aliapa kwamba amewahi kupasha maandazi juu yake. Chaji haikufika adhuhuri. Kwa kuwa mwenyewe hakuweza kutoka, Yasmini akaipeleka kwa Nasri, fundi simu wa karibu na soko.

Alirudi alasiri, hata mtandio hakuvua.

"Dada, weka kwanza hicho kikombe chini."

"Kwani imekufa?"

"Ingekufa ingekuwa nafuu. Nasri kakuta kitu kimefichwa humo ndani. Kila unapokwenda, kinapeleka habari kwenye simu nyingine. Kina miaka minne."

"Simu ya nani?"

Yasmini akataja namba. Ilikuwa namba pekee ambayo Khole aliijua kwa kichwa.

"Labda ni wezi," akasema.

"Wezi wakufuate wewe? Unakwenda kununua mchele, unarudi. Mwizi angesinzia."

Khole hakucheka. Alikuwa amefika mbali, miaka mitatu nyuma, kwenye Jumatano nne alizomuaga mumewe kwamba anakwenda kwa Yasmini, kumbe anakwenda hospitali ya Kitete. Huko ndiko alikoambiwa hatazaa. Alilibeba peke yake, maana Hamdun alikuwa na majina ya watoto sita tayari, na la saba la akiba.

Sasa akazikumbuka jioni za siku zile. Hamdun alirudi kutoka dukani kwake, akala kimya, akageukia ukutani. Yeye akadhani ni uchovu wa kubeba majora ya vitambaa. Kumbe mwenzake alikuwa ameshaona: mke kaaga anakwenda kwa mdogo wake, yuko Kitete saa tatu nzima. Kitete kuna hospitali, lakini kuna na nyumba za watu. Alidhani yuko wapi? Na nani? Yale majina ya watoto hakuyataja tena tangu wakati ule, na Khole hakujua kama ni kwa kumwonea huruma au kwa kumchukia.

"Nimwambie Nasri akifute?" Yasmini akauliza.

"Subiri."

Khole akageukia upande wa kitanda ambao shuka lake halikuwa limekunjamana kwa siku sabini na mbili.

"Jumatano ya kwanza walinipima damu, Hamdun," akasema taratibu, kama mtu aliyeulizwa. "Ya pili wakanipiga picha ya tumbo. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikaa na mama mmoja wa Ulyankulu, akanigawia karanga. Ya tatu..."

Yasmini akavua mtandio, akakaa sakafuni karibu na miguu ya dada yake, mpaka sauti ya Khole iliporudi.