Mishono ya Nje

Fundi hakuwahi kumtia machoni mwalimu wa mwanawe, lakini alimchukia kwa bidii zake zote. Tangu binti aende chuo kikuu kusomea ubunifu wa mavazi, kila Jumamosi alirudi nyumbani na mfuko wa nguo chafu mkononi na huyo mwanamke mdomoni. Mwalimu anasema nguo ichorwe kwanza kwenye karatasi. Mwalimu anasema chaki inadanganya. Mwalimu anasema pindo halishonwi hivyo siku hizi. Mwalimu hivi, Mwalimu vile, mpaka ungedhani Mwalimu ndiye aliyezaa na fundi alikuwa yaya tu.

Na fundi mwenyewe si wa kuokotwa. Miaka ishirini na sita alikuwa amekaa nyuma ya cherehani ile ile, chumba cha mbele, mlango wazi, akishona sare za shule, suti, mapazia, na gauni za watu waliokuja siku moja kabla ya sherehe wakilia. Hakuwa na karatasi ya kukatia hata moja. Alikutazama mara moja ulipopiga hodi, akakuzungushia futi kiunoni kwa heshima tu, kisha akachora moja kwa moja kwenye kitambaa na kushusha mkasi. Nguo ikakukaa. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Binti huyu alifunzwa na mamaye, alijua kutia uzi kwenye sindano kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na bado ulimwengu ulikuja kumchukua. Hilo wahenga hawakulisemea.

"Mama, huu mkono umevuta," binti alisema Jumamosi moja, akipitisha kidole kwenye bega la blauzi ya mteja. "Mwalimu anasema mkono ukatwe kwa kufuata uzi wa kitambaa."

"Mwenye blauzi kalalamika?"

"Hajalalamika."

"Basi Mwalimu wako akamshonee yeye."

Binti akacheka, akidhani ni utani. Fundi naye akacheka ili utani uwe utani, lakini kijicho kilikuwa kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wivu wa mke mwenza watu wanauelewa, tena wanakuja kukaa na wewe wakuhesabie makosa ya mwenzio. Wivu wa mama kwa mwalimu wa mwanawe utamwambia nani? Ungemwambia jirani angekushangaa, na kesho yake mtaa mzima ungekushangaa. Fundi alijaribu kujionya. Alijiambia kwamba mtoto kusoma ni heri, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemsukuma ajaze zile fomu za chuo. Roho haina masikio.

Kilichomtuliza ni imani moja tu: kwamba Mwalimu hajui kushona. Alikuwa amekwisha kumchora kichwani, mrefu, kucha ndefu, mtu wa maneno mengi, ukimpa sindano anajichoma. Na mwanawe alikuwa na mkono ambao fundi aliujua peke yake. Binti anaposhona kwa mkono, kila baada ya mishono mitatu minne hukaza uzi kupita kiasi, kitambaa kikajikunja kidogo. Ni tabia ya utotoni. Fundi hakumwondolea, kwa sababu aliipenda. Angeweza kuokota kitambaa cha mwanawe gizani kati ya mia kwa kukipapasa.

Mwaka wa pili ulipofika mwisho, ukaja mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi abuni koti, alishone kwa mikono yake mwenyewe, alilete Jumatatu mbele ya Mwalimu. Aliyefaulu anaingia mwaka wa tatu. Atakayeleta kazi ya mtu mwingine anafukuzwa chuo, na hapo hakuna mjadala. Binti alilishona la kwake chuoni kwa wiki sita, akaja nalo nyumbani likiwa limekwisha, ndani ya mfuko wa zipu. Jumapili asubuhi akautundika mfuko kwenye msumari, akajiandaa kwenda kwa mwenzake kumalizia michoro.

"Mama, nipigie pasi," alisema akiwa mlangoni. "Pasi tu."

Fundi alifungua zipu akapigwa na butwaa. Lilikuwa koti refu la rangi ya majivu, na mishono yake yote ilikuwa nje. Begani nje, ubavuni nje, mgongoni nje. Kingo za kitambaa zilikuwa zimeachwa upana wa vidole viwili, zimetokeza wazi, zimeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Ungesema mtu amevaa gizani akageuza nguo.

Sasa tuseme kweli. Fundi hakuwa mjinga, na hakuna fundi anayekosea kugeuza mshono mara tisa kwenye koti moja. Alijua limekusudiwa liwe hivyo. Lakini hakuona kusudi la mwanawe pale, aliona mkono wa Mwalimu. Haya ndiyo wanayomfundisha, alijisemea. Mimi nimemlea kuficha mishono, wao wanamfundisha kuianika. Na wivu, ukitaka kukutuma, huja na sauti ya upole. Ukamwambia: mwonyeshe. Kesho akilishika hili koti, ajue huyu mtoto ametoka mikononi mwa nani.

Akachukua kiwembe. Akafumua ule uzi mwekundu wote, mshono kwa mshono, akaurundika sakafuni. Akageuza kingo ndani. Zilikuwa pana mno, zingetuna, kwa hiyo akazipunguza kwa mkasi mpaka zikabaki upana wa ukucha. Kisha akashona kwa uzi wa rangi ya majivu, kwa mkono, mishono midogo kama punje za chumvi. Wateja wawili walibisha hodi, akawaambia njooni keshokutwa, wala hakuinua kichwa. Kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni hakunyanyuka ila kunywa maji. Hakuwahi kumshonea mtu yeyote vizuri hivyo.

Binti aliporudi akaukuta mfuko msumarini, zipu imefungwa.

"Umelipiga pasi?"

"Nimelipiga."

"Bila wewe sijui ningefanyaje, mama," binti alisema, akaenda kuoga. Fundi alilala kwa raha usiku ule. Hilo nalo lisemwe.

Siku ya mtihani wazazi waliruhusiwa kukaa nyuma. Karakana ya chuo ilikuwa chumba kirefu chenye meza za kukatia, pasi nzito, na sanamu za kuvalisha nguo zisizo na vichwa, zimepangwa ukutani. Fundi alikaa kwenye stuli akimtafuta yule mrefu mwenye kucha. Akaingia mwanamke mfupi, mnene kidogo, futi shingoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi, na darasa zima likasimama. Alipopita karibu, fundi aliona kidole chake cha kati. Kilikuwa na sugu na vitundu vyeusi, alama za sindano za miaka mingi. Fundi naye alikuwa navyo kwenye kidole chake. Kucha ndefu angeweza kuzisamehe.

Binti alikuwa amebandika michoro yake ubaoni. Koti lilichorwa kwa mbele na kwa nyuma, mishono nje, uzi mwekundu umekolezwa ili aliye mbali auone. Juu yake ameandika kwa herufi kubwa: *Mama anasema, ukitaka kumjua fundi, igeuze nguo utazame ndani.*

Fundi alisoma mara mbili. Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Hakukumbuka lini, alikuwa akisema tu, huku anashona, kwa mtoto aliyecheza na vipande vya vitambaa chini ya meza.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mama yake?" aliuliza msichana wa kando yake, mwenye pini mdomoni. "Sisi huku tunamwita Mama Kasema."

"Mama Kasema?"

"Kila tukitaka kukata kitu: mama kasema hivi, mama kasema vile. Hata Mwalimu ameshachoka!"

Fundi alisimama kabla hajajua anasimama. "Mwanangu," aliita, "hebu njoo kidogo." Lakini zamu ya binti ilikuwa imefika na mkono wake ulikuwa tayari kwenye zipu.

Koti likatoka. Binti akalitazama. Akapitisha kiganja begani, ubavuni, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Fundi alingoja ageuke nyuma. Hakugeuka.

"Michoro yako ina mishono nje," Mwalimu alisema. "Hili mbona ni koti jingine?"

"Nilibadili mawazo, Mwalimu."

"Lini?"

"Jana."

Mwalimu akalichukua koti, akaligeuza, akafuata mshono kwa kidole polepole kutoka kwapani mpaka chini. "Huu si mkono wako," akasema. "Wewe mshono wa tatu, wa nne, lazima ukaze. Mwaka mzima nakugombeza uache, na moyoni naomba usiache. Hapa hakuna hata mmoja uliokazwa. Nani kashona hili?"

Fundi alikuwa na mambo mawili kifuani, yote ya moto. La kwanza lilikuwa aibu. La pili, Mungu amsamehe, bado lilikuwa wivu ule ule: kumbe anaujua mkono wa mwanangu. Hata kile kidogo nilichojiwekea mwenyewe, huyu naye anacho.

Binti alifungua mdomo. Fundi aliujua ule uso tangu akiwa na miaka minne, uso wa mtoto anayetaka kudanganya ili mtu mwingine asigombezwe.

"Ni mkono wangu," fundi alisema kwa sauti. "Yeye hana habari. Alinipa nipige pasi."

Mwalimu akamgeukia binti. "Ulijua?"

"Nimejua nilipofungua zipu." Kisha akasema haraka haraka, "Naweza kulirudisha. Nipe mpaka wenzangu wamalize, Mwalimu. Naomba kiwembe."

Akapewa. Akakaa sakafuni, akaanza na bega. Mishono ya mama yake ilikuwa midogo na migumu, kila mmoja ulitaka ubembelezwe. Bega likafunguka mwishowe. Akavuta ukingo utoke nje, akatafuta vile vidole viwili alivyoviacha, akakuta ukucha.

"Mama," aliita bila kuinua kichwa, "kitambaa kiko wapi?"

"Nilikipunguza."

Binti akaweka kiwembe chini.

Mwalimu aliongea kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko karipio. "Mama, umeshona vizuri. Siku nyingi sijaona mshono kama huu. Lakini siwezi kuupa alama, wewe si mwanafunzi wangu. Na yeye simfukuzi, hakudanganya kwa ajili yake mwenyewe. Atashona koti jingine, tangu kukata. Atalishonea hapa, likizo yote, mbele yangu, na halitatoka nje ya mlango huu."

Likizo ilikuwa miezi mitatu. Hiyo ndiyo ilikuwa miezi pekee ya mwaka ambayo binti alilala nyumbani kila siku, na asubuhi akakaa ng'ambo ya meza, wakashona pamoja. Fundi alikuwa amemtoa mwanawe mwenyewe, kwa kiwembe na mkasi wake, akamkabidhi Mwalimu.

Nje, kwenye ngazi, binti aliuliza, "Kwa nini, mama?"

Fundi alikuwa na uongo wa kutosha. Angesema macho yamechoka, angesema alidhani ni kosa. "Wivu, mwanangu."

"Wivu? Wa nani?"

Akaonyesha mlango wa karakana kwa kidevu. Binti aliutazama ule mlango, kisha akamgeukia mama yake. Hakukasirika, na fundi angetamani sana akasirike.

"Ungeniambia," binti alisema.

"Ningekuambiaje jambo kama hilo?"

"Hivyo hivyo ulivyoniambia sasa."

Ndani, Mwalimu akamwita binti aje achague kitambaa. "Nakuja!" akajibu. Akamgeukia mama yake. "Kesho niletee nguo zangu, mama. Zile za kabatini, zote."

"Nizipige pasi kwanza?"

Binti alikuwa ameshaushika mlango wa karakana.

"Hapana, mama. Zilete tu zilivyo."