Sehemu ya Edson Kwenye Diski

Athanas aliingia kwenye duka la kompyuta la Scolastika pale Kalangalala akiwa amenuna, diski yake ya nje kaikumbatia kama kuku anayepelekwa mnadani. Ni mpiga video za harusi, na akinuna yeye hata waliokuja kutoa kopi huona.

"Shikamoo, Baba Luka," Scolastika alimwamkia.

"Marahaba. Hii diski imeandikwa terabaiti moja, mimi naona nusu tu. Na hiyo nusu imejaa. Nisaidie kufuta harusi za zamani."

"Nusu nyingine imekwenda wapi?"

"Anayo Edson. Kaenda nayo Songwa."

Scolastika alidhani anataniwa. Wala hakutaniwa. Athanas na Edson walichimba dhahabu pamoja kwenye duara moja, yaani shimo la machimbo, kabla ya kununua kamera, na duarani mawe yakishatolewa hugawanywa palepale mdomoni mwa shimo, kila mtu anabeba viroba vyake. Kwa hiyo hata diski waliponunua, walimwambia fundi aigawe: upande huu Athanas, upande ule Edson. Mwaka jana Edson alipofunga virago kurudi kwao Songwa kulima na kufuga, aliketi kwenye kompyuta mara ya mwisho, akabonyezabonyeza, akainuka akisema, "Nimekuachia yangu yote."

Kesho yake Athanas akafungua. Upande wa Edson haupo, na wake haujaongezeka hata chembe. Akajua mwenzake kabeba viroba vyake, na uongo juu. Kuuliza hakuuliza. Athanas ni mtu wa kuweka kinyongo mwaka mzima kuliko kuuliza swali la dakika moja.

Na sasa Vumilia, binti wa Edson, alikuwa anaolewa Jumamosi. Edson alimpigia simu kumwomba akapige video, naye akajibu, "Nitaona." Jibu hilo lilimuuma Athanas mwenyewe kila alipolikumbuka. Vumilia alijifunza kutembea uani kwa Athanas, akishika miguu ya kamera.

Athanas alipomaliza kumsimulia hayo, Scolastika alichomeka diski, akafungua ukurasa unaoonyesha jinsi ilivyogawanywa. Akamgeuzia Athanas kioo.

"Huu wa bluu ni upande wako. Huu mweusi ni nusu iliyobaki. Ipo humuhumu, baba. Haijatoka."

"Mbona siioni?"

"Haina mwenyewe. Baba Vumilia alifuta upande wake ili uchukue wewe. Ila kompyuta haikuongezei yenyewe. Ni kama shamba la jirani aliyehama, linabaki pori mpaka mtu aseme sasa ni la fulani. Yeye hakujua, na wewe hukujua."

Athanas alitazama ule mstari mweusi. Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyenuna mwaka mzima juu ya zawadi aliyopewa.

"Niunganishe na wako?" Scolastika aliuliza, kidole kikiwa tayari. "Utapata yote. Hakuna cha kufuta."

"Subiri kwanza, mwanangu."

Akatoa simu. Edson alipokea kwa sauti ya mtu aliye katikati ya ng'ombe.

"Baba Vumilia, kumbe uliniachia kweli," Athanas alisema.

"Kuachia nini?"

"Upande wako wa diski. Nilijua umeubeba."

Edson akacheka mpaka ng'ombe mmoja akalia karibu na simu. "Yaani ndiyo maana ulikuwa unanijibu kama karani wa mahakama? Mimi nikasema labda nimemkosea mke wako."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Yameisha. Jumamosi je?"

"Ijumaa nitalala kwako. Mama Vumilia aniwekee michembe ya viazi."

Akakata simu, akajifuta uso kwa kiganja, akasogeza kiti karibu na meza.

"Usiunganishe," alimwambia Scolastika. "Ule mweusi ufanye upande kama zamani. Uandike jina la Edson."

"Na harusi za watu wengine utaweka wapi, baba? Wako si umejaa?"

"Nitanunua diski nyingine. Upande wa Edson ataingia Vumilia peke yake, na Jumapili namkabidhi baba yake diski hii nzima. Nazo harusi za upande wangu nyingi tulipiga wote, ni zake pia."

Scolastika akabonyeza, mstari mweusi ukawa wa bluu, na diski ikaonyesha terabaiti yake yote. Athanas aliisoma mara mbili.

"Wabeja, mwanangu," alimshukuru, akaomba begi la kuibebea.