Mtu wa Thelathini na Moja

Mable alikuwa anaponda kimanga jikoni alipoona viatu vya askari mlangoni. Vilijaa matope mekundu, na aliyevivaa alikuwa amelowa chepechepe.

"Hodi, Mama Chifu. Mimi ni Wanjala. Nimehamishiwa hapa wiki jana."

Mable, naibu wa chifu wa kijiji kile cha mlimani juu ya Mwatate, hakuwa akimtarajia askari yeyote Jumatano ile. Alimtarajia fundi wa gauni la harusi. Hata hivyo alimvutia kigoda karibu na moto, akampa sahani.

"Kula kwanza, afande. Neno halikimbii."

Wanjala alishusha barakoa yake, akala huku akipuliza vidole. Alikuwa kijana wa Bungoma, mrefu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukutana na maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo. Alipomaliza sahani ya pili ndipo akasema lililomleta.

"Nimesikia Jumamosi unaoza binti."

"Ni kweli. Lynn. Ni wa marehemu dada yangu, lakini nimemlea tangu akiwa na miaka minne. Anaolewa na Omolo wa kule mashamba ya mkonge."

"Kanuni za korona zinasema harusi ni watu thelathini, mama."

"Nazijua. Ni mimi niliyezisoma kwenye baraza."

Wanjala aliutazama moto. "Kituo nilichotoka tulivunja harusi moja kwa gesi ya machozi. Bibi harusi alikimbia na kiatu kimoja. Sheria ilikuwa upande wetu, lakini sikulala. Sitaki kurudia. Ukinipa neno lako kwamba thelathini hawazidi, nitakuja mikono mitupu."

"Neno langu ndilo hilo," Mable alisema. "Thelathini. Hata mmoja hazidi."

Ni rahisi kusema thelathini. Pale mlimani kwaya peke yake ilikuwa watu arobaini. Mable aliandika orodha, akafuta, akaandika tena: kumi na tano wa kwao, kumi na tano wa kwa akina Omolo, yeye mwenyewe akiwa ndani ya hesabu hiyo, kwa kuwa ndiye angemshika Lynn mkono na kumkabidhi. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba msamaha waliobaki nje. Wengine walimwelewa, maana mwezi wa pili kijiji kilikuwa kimezika watu wawili kwa ugonjwa huo. Mwalimu Kituku, mstaafu mwenye ulimi mwepesi, alimsikiliza hadi mwisho akiwa kimya. Hilo lingemtia Mable wasiwasi kama angekuwa na nafasi ya kuwaza.

Jumamosi mvua ilikatika alfajiri. Wanjala alifika saa nne, mikono mitupu kama alivyosema, akasimama ghafla langoni.

"Mama Chifu. Hawa ni nani?"

Mteremko wote juu ya nyumba ulikuwa umejaa watu. Walitapakaa kwenye matuta, kila mmoja na jembe lake, wakipalilia mahindi. Wanaume walivaa suti na tai. Wanawake walivaa vitenge vipya na vilemba virefu. Kwaya nzima ilikuwa kwenye maharagwe, ikiwa na sare.

"Wanapalilia," Mable alisema, akijikaza asicheke. Naye alikuwa anawaona kwa mara ya kwanza. "Huku kwetu tunalimiana kwa zamu, afande."

"Kwa tai?"

"Kila mtu na nguo zake za shamba!" Mwalimu Kituku alipaza sauti kutoka tuta la juu. "Afande, kanuni imekataza mkutano. Sisi hatujakutana! Niko kwangu, jirani yuko kwake, hata salamu tunarushiana. Au kupalilia mwezi wa nne ni kosa?"

"Na hao wa kwaya wakiimba?"

"Jembe bila wimbo ni adhabu, kijana wangu!"

Mteremko mzima ulicheka. Wanjala alipanda, akapita katikati ya matuta akipima kwa hatua. Aliyekuwa karibu zaidi na mwenzake alikuwa umbali wa hatua sita. Wote walikuwa na barakoa. Alirudi akipangusa jasho.

"Kanuni iliwekwa ili watu wasiambukizane," alisema polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Hawa wametengana kuliko watu wa sokoni. Wapalilie. Lakini ndani ya ua, mama, ni thelathini."

"Ni thelathini. Hesabu."

Alihesabu. Walitimia.

Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu bodaboda ilipongurumia langoni. Juu yake alikaa Nabwile, bibi yake Omolo, mwenye miaka themanini na kitu, aliyekuwa ameambiwa abaki nyumbani Njukini kwa ajili ya miguu yake. Alishuka akiwa amefunikwa hadi kwenye kope vumbi la kule bondeni kusikonyesha.

"Mjukuu wangu aoe bila mkono wangu kichwani?" aliuliza. "Nani alisema?"

Omolo alikuwa tayari amepiga magoti.

Wanjala alimsogelea Mable, akanong'ona. "Mama, leo macho yangu yana vumbi. Sijaona mtu."

Mable aliutazama uso wake, akajua angemsitiri kweli. Akamtazama Lynn katika gauni jeupe, mkono wake tayari umenyooshwa. Kisha akatazama mlimani, kwa watu aliowaambia hapana mmoja mmoja.

"Umeona, afande. Hata mimi nimeona," alisema. "Wale niliwakatalia kwa kanuni hii. Ikipinda kwa chifu, nitawaambia nini?"

"Mama, usiende!" Lynn alisema.

"Siendi mbali. Bibi atachukua nafasi yangu, akukabidhi." Alimshika shavu kidogo. "Na usilie, wanja utachuruzika."

Akatoka langoni. Alivua viatu vya visigino, akakunja gauni la hariri hadi magotini, akapokea jembe kwa Mwalimu Kituku.

Kutoka pale aliona ua kwa vipande tu, katikati ya majani ya migomba. Sauti ya mchungaji haikumfikia. Lakini mwanakwaya aliyepalilia karibu na ukuta alisikia, akarusha habari kwa wa pili, naye akampa wa tatu.

"Omolo amekubali!"

"Na Lynn?"

"Subiri, anapenga kamasi!"

"Jamani!"

Mable alisimamisha jembe. Mteremko wote ulisimama.

"Amekubali!"

Kwaya ikalipuka kutoka tuta hadi tuta. Mable alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajipaka udongo usoni, akainama tena kwenye mahindi ya Mwalimu Kituku. Alipalilia tuta lile hadi mwisho, akaanza la pili.