Nyuzi za Kitovuni

Saa nane mchana kinyozi alifunga duka, akajipangusa nywele za watu mabegani, akaenda wodi ya watoto kumpokea mkewe zamu. Binti yao, waliyemwita Kiduchu, alikuwa na siku ishirini duniani na tumbo lililowambwa kama ngoma.

Nesi mkuu alishawaeleza mara mbili, taratibu. Ndani ya ukuta wa utumbo huwa kuna seli za neva. Hizo hupeleka nyuzi zao hadi kwenye utando wa ndani, kuuambia lini utoe maji na lini unyonye, na kuiambia misuli lini isukume. Kipande cha mwisho cha utumbo wa Kiduchu kilizaliwa bila seli hizo. Chakula kikifika pale, kinasimama. Daktari wa upasuaji alikuwa akija Jumanne moja kwa mwezi, na Kiduchu alikuwa wa thelathini na nane kwenye orodha.

"Sasa tufanyeje, dada?"

"Tumsafishe utumbo kwa mpira wa maji, tusubiri."

Kinyozi akawa anafungua shati na kumlaza bintiye tumboni, kitovu kwa kitovu, maana hapo ndipo alipotulia. Siku ya nne, nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilitoka kitovuni mwake zikaingia kwa mtoto. Hazikuuma, zilitekenya tu. Nesi alisogeza miwani.

"Usicheke sana, utazikata," alisema, akaandika saa kwenye faili.

Zilihama kwa siku sita. Kinyozi akawa hasikii tena tumbo lake. Kila baada ya chakula mkewe alimkanda yeye tumbo kwa viganja, kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka kitu kisogee.

"Umempa zote, baba?" mkewe alimuuliza.

"Nimebakiza za kuanzia. Yeye alikosa za kumalizia."

Alhamisi Kiduchu alikunja uso, akajikaza, akanya mwenyewe, akachafua shati zima la baba yake hadi mfukoni. Tumbo likanywea. Mama yake alicheka, akalia, kisha akaomba kitambaa.

Nesi alikata jina la Kiduchu kwenye orodha. "Thelathini na tisa, sogea!"

Mama mmoja aliinuka na mwanawe. Jumanne ya daktari ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa. Kinyozi hakuwa tena na neva za kumalizia za kutoa. Alimpisha kwenye kiti, akampokea mtoto ili mama aketi vizuri, akahisi kwenye kiganja lile tumbo gumu, la moto, halafu akamrudishia.