Managu ya Shamba la Mama

Siku kipimo cha Lynn kilipolia kwenye shamba la ndugu yangu Micah, nilifurahi. Sifichi.

Micah ni kitinda mimba wetu, na kwetu Olenguruone kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya mama na shamba lake. Mimi, Kimeli, kifungua mimba, niliyeacha shule ili huyo huyo Micah asome, nilipewa mteremko wa mawe. Yeye akapata udongo mweusi, mto, na mama. Kila nilipopita na kuona managu, mboga yetu ya majani, yalivyostawi pale, niliona wivu. Nikaapa mbele ya ukoo mzima kwamba kwangu hakitaliwa chochote kutoka shamba lile.

Mwaka jana Micah alikodisha kona ya shamba kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Jamaa akapasua mashine fulani, akaondoka, akaacha unga unaotoa mionzi, kitu usichokiona wala kukinusa. Ndipo Lynn, mtaalamu wa serikali, akaja kupima. Alipima udongo, akapima nyasi, kisha akachuma managu akayapima nayo. Kipimo kikalia kama kimepandwa na wazimu.

"Hapa hapalimwi tena, boss," akamwambia Micah. "Mnahama leo."

Micah akaanza kukusanya vitu. Mimi nilikuwa tayari nawaza mahali pa kuweka kitanda cha mama nyumbani kwangu.

Lynn akamgeukia mama na fomu zake. "Sasa mathe, nataka kujua nani ako kwa risk zaidi. Hii managu unakula mara ngapi kwa wiki?"

"Mimi sikulangi. Tumbo inakataa."

"Na Micah?"

"Huyo anakulanga nyama tu."

"Basi huwa inaenda wapi?"

Mama alinitazama, kisha akamtazama mke wangu Winrose, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa watoto wa Kimeli," mama akasema. "Kila jioni. Winrose anamwambia ametoa soko. Kimeli alikuwa anasikia vibaya sana juu ya hii shamba, nikaona angalau watoto wake wasikose."

Nilitaka kumfokea mtu, sikujua nani. Managu yale niliyasifu mezani, nikawaambia wanangu kwamba hata sisi tunakula vizuri kumshinda Micah. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaongezea sahanini.

Lynn akafungua ukurasa mwingine.

"Mzee, mtoto mdogo ako na miaka ngapi?"

"Miwili," nikasema.