Kuku ya Douanier

Ile asubui Agar alikuwa anafagia lupango ya nyumba, njo akaona beseni ya mayi imeisha tena. Jana mangaribi aliijaza mupaka juu. Hakuuliza nani alikunywa. Douanier alikuwa amelala pembeni ya beseni, mifupa ya mugongo inaonekana.

Balimuita Douanier, sawa muntu wa forodha, juu hakuna muntu alikuwa anapita pa mulango bila ile imbwa kumunusa mifuko. Ata pasta, siku moja, alisimama pale na Biblia mu kwapa, akangojea ruhusa. Sasa tangu juma mbili bantu banaingia, banatoka, Douanier anabafwata na macho tu.

"Agar!" mama Émerence akaita toka jikoni. "Imbwa yako imekojola tena ku barza. Leo pia usimupatie mayi. Kama hakunywe, atakojola nini?"

"Ndiyo, mama."

Agar njo mutoto wa kusema "ndiyo, mama" ata kama roho inasema hapana. Akabeba beseni. Douanier akainua kichwa, akaangalia beseni inaenda.

Mambo ilianza na karton. Tantine Clémentine, dada ya papa, alikuya mu vakansi, akamupenda Douanier sana. Wakati alirudia Lubumbashi, akatuma karton na treni. Ndani, sashe mingi ya kungaa, foto ya imbwa inacheka, na vipande vya kuku vikavu. Yaya Josaphat, kaka mukubwa wa Agar, akaluma kimoja, akakitema.

"Imbwa anakula kuku, shiye majani ya sombe! Mama, minyi pia nitalala pa mulango."

Kila siku ya yenga, kiisha ibada, tantine alikuwa anapiga telefone: "Alikula? Tuma foto, mutoto wangu." Na Agar alikuwa anatuma. Zawadi ya dada ya papa, mu ile nyumba, hauwezi kuiacha mu kabati. Ukiiacha, ni yeye umemukataa.

Kiisha, Douanier akaanza kukataa bukari ya unga. Alikuwa anataka kuku tu. Agar akaona: kama njo kitu moja anakula, basi nimuongezee. Toka mbili kwa siku, akafika ine, akafika sita. Alifikiri anamusaidia.

Ile siku ya beseni, wakati alitoka ku masomo, Douanier alikuwa anatapika povu. Josaphat akamufunga ku kinga, ile baiskeli ya nyumba, na kitenge, akasukuma mupaka kwa papa Likoke, veterinere wa ng'ombe. Mu njia batoto bakacheka: "Yaya, unapeleka bibi yako ku maternite akazale?" Josaphat akazidi kusukuma.

Papa Likoke akamufungua Douanier kinywa, akanusa, akakunja uso.

"Anakunywa mingi?"

Agar akaangalia viatu yake. "Anakunywaka mingi. Lakini... muchana tunamukatalia mayi. Siku ine sasa."

"Aba! Nani alibafundisha ile? Mutoto, ni mafigo. Mafigo imechoka, haiwezi kushika mayi tena, njo anakojola vile. Ile mayi njo ilikuwa inamushikilia. Anakula nini?"

Agar akatosha kipande mu mufuko wa uniforme. Muzee akakigeuza, mara mbili, mara tatu.

"Nilisikia imbwa ya inchi ingine iligonjwa mafigo juu ya vitu sawa hii. Siwezi kuapa. Machini ya kupima damu, hapa sina. Nitamutia serum mu mushipa, lakini ile ni ya ng'ombe, ni kubahatisha tu. Acha kuku leo leo. Hauna muntu Lubumbashi? Kule kuko dokteri ya imbwa."

Muntu wa Lubumbashi alikuwa moja tu.

Pa nyumba, mama Émerence akasikia yote, akarudisha beseni yeye mwenyewe. Lakini wakati Agar alikamata telefone, akamushika mukono.

"Unataka kumuandikia dada ya papa yako kama zawadi yake inauwa? Ile ni kumuita muloji, mutoto. Papa yako ataweka uso wapi?"

"Mama, anakufwa."

Ilikuwa mara ya kwanza Agar hakusema ndiyo. Mama akaachilia mukono.

Akaandika, akafuta, akaandika: "Jambo, tantine. Douanier iko mugonjwa ya mafigo. Veterinere anasema pengine ni kuku. Haiko kosa yako, minyi njo nilimupatia mingi. Nakulomba, utuulizie dokteri wa kule. Agar." Akatuma. Alama mbili ikageuka bleu. Tantine akaanza kuandika. Akaacha.

Siku ya yenga, kiisha ibada, telefone ikabakia kimya pa meza. Douanier alikuwa mbele ya beseni ya kuyala mayi mupaka juu, hata ulimi hakutosha tena. Agar akafungua mesaje: juu, foto na foto, Douanier anakula kuku. Chini, maneno yake. Chini ya ile, hakuna kitu.